Wodi za Mjerumani zina hewa, hizi zetu za juzi tunapepea kwa boksi. Tulikosea wapi?

#1 Mpepeaji

Wakuu, heri ya jioni.

Hii ni wiki ya pili namuuguza mama kwenye hospitali moja ya ukanda wa joto, jina naliacha. Jengo ni jipya, taili zinang'aa mpaka unajiona kidevu. Wodi ina vitanda vinane. Madirisha ni yale ya alminiamu ya kusukuma, ukiyatazama kwa nje ni makubwa ya kutosha. Ukishakaa ndani ndiyo unagundua kioo kimoja kinateleza nyuma ya mwenzake, kwa hiyo nusu ya dirisha haifunguki maisha yake yote. Nusu inayofunguka ina wavu, na wavu umeshika vumbi mpaka umekuwa pazia. Kiyoyozi kipo ukutani, hakijawaka tangu tufike. Pangaboi ni moja, liko katikati, na mama yuko kona.

Saa nane mchana nampepea kwa kipande cha boksi la dripu. Mkono wa kulia ukichoka nahamia kushoto. Juzi kaniambia, "Mwanangu, nitoe koridoni." Nimemtoa. Koridoni taa inawaka mchana kweupe, hakuna dirisha hata la kutazamia mvua.

Miaka ya tisini nilimuuguza babu kwenye wodi ya zamani ya Mjerumani. Dari juu kule, veranda pande mbili, milango ya mbao inafunguka yote. Mchana huo huo, joto hilo hilo, babu anaomba shuka.

Naomba kueleweshwa: miaka zaidi ya mia imepita, saruji ipo, wasomi wapo. Tulikosea wapi?

#2 Kaa la Moto

Pole sana mkuu, Mungu amponye mama. Naweka kambi hapa, wataalamu tiririkeni.

#3 Fundi wa Lenta

Mkuu jibu ni fupi: pesa.

Mimi nimejenga zahanati tatu na jengo moja la wodi. Kila kozi ya tofali unayoongeza juu ya lenta ni tofali, ni saruji, ni jukwaa la kusimamia, ni siku ya kibarua. Tofali na udongo wake ni kama sentimita 25. Kozi 12 umepata mita tatu, hapo mwenye mradi anakwambia "inatosha, weka kenchi". Ukimwambia tupandishe kozi nne zaidi ili hewa ya moto ipate pa kwenda, anakuuliza kama wewe ni fundi au dalali wa tofali.

Kisha chini ya kenchi wanapiga dari ya jipsamu, wanashusha tena kidogo ili taa zizame ndani zipendeze. Mgonjwa analala kwenye sanduku. Mjerumani hakuwa na akili kutuzidi, alikuwa na bajeti.

#4 Mzee wa Kusi

Fundi, nakubali nusu. Nusu nyingine ni upepo, na upepo haununuliwi.

Wazee wetu wa pwani walijua. Kaskazi inaingia Desemba mpaka Machi, kusi inakuja Aprili mpaka karibu Septemba, katikati hapo una matlai inayotoka mashariki. Mtu akijenga nyumba anauliza kwanza, mlango unatazama wapi? Nenda pale hospitali ya Ocean Road, Dar. Wajerumani waliimaliza 1897, wakaiweka ukingoni mwa bahari, veranda zimeizunguka. Upepo unatoka majini unaingia wodini bila kupiga hodi. Leo mtu anachora jengo kwa kufuata barabara ilipo, ili bango lionekane na wapita njia. Jua la saa kumi linamchoma mgonjwa usoni, na upepo unapiga ukuta usio na tundu.

Hapo hapo Ocean Road ndipo Robert Koch, yule daktari mtafiti wa Kijerumani, alipogundua kijidudu cha kifua kikuu. Unafikiri angegundua kwenye chumba kisicho na hewa?

#5 Mkaguzi wa Madai

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo mwisho umetupiga chenga. Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu Berlin, Machi 1882. Ocean Road haikuwepo hata msingi. Dar alikuja baadaye, 1897 na 1898, akafanya kazi za malaria na maradhi mengine ya huku.

La pili, na hili ndilo kubwa zaidi: Ocean Road ilikuwa hospitali ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa kwenye hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji, yule mfanyabiashara ambaye jina lake limebaki Muhimbili mpaka leo. Kwa hiyo tukisema "wodi za Mjerumani zilikuwa na hewa", tuulize, hewa ya nani? Mnalinganisha wodi waliyojijengea wao na wodi ya umma ya leo. Hata leo ukienda wodi za kulipia utakuta upepo.

#6 Mzee wa Kusi

Marahaba. La Koch nalirudisha kabatini. La veranda siliondoi.

#7 Sista Zamu ya Usiku

Jamani mnawalaumu wachoraji, mimi niulizeni. Nina miaka 16 wodini.

Nikiingia zamu saa moja na nusu jioni nafungua madirisha yote. Saa tatu nikirudi na trei ya dawa yamefungwa yote. Nani kafunga? Ndugu wa mgonjwa kabla hajaondoka: "Sista, upepo huu utampa nimonia." Wa kitanda cha pili anaona baridi, wa cha tatu anasema mbu, wa cha nne anaogopa mkono wa mtu kuingia kuchukua simu. Kuna mama mmoja aliifunga luva, yale madirisha ya vipande vya kioo vya kulaza, kwa bandeji ya hospitali, fundo la kuchinjia kabisa, asubuhi nilikata kwa mkasi.

Wodi yetu ni ya zamani, ina dari ndefu na luva safi. Saa kumi alfajiri ukiingia kutoka nje harufu inakupokea mlangoni. Jengeni mnavyotaka, Watanzania tunafunga dirisha.

#8 Kaa la Moto

Fundo la kuchinjia 😂😂 Sista umeniua.

#9 Binti Makete

Watu wa pwani mna raha ya kubishana na joto. Huku kwetu Makete, nyanda za juu, Juni asubuhi kuna barafu kwenye majani, halafu ramani ya kituo cha afya ni ile ile iliyojengwa kule mnakotoka jasho. Dirisha lile lile, upande ule ule. Mzazi katoka kujifungua anatetemeka, utamwambia afungue dirisha ili hewa ibadilike?

Kinachonikera hata zaidi ya dirisha ni jua. Juni jua letu linapita upande wa kaskazini. Kituo chetu ukuta wa kaskazini una vyoo na stoo. Wagonjwa wamewekwa kusini, kivulini, mchana kutwa hawaoni jua. Stoo ndiyo inaota jua na maboksi yake.

#10 Mchora Mistari

Naweka maslahi wazi: ni mchoraji wa majengo, nimeshiriki kuchora hospitali mbili, na moja kati ya hizo nikiipita naangalia pembeni.

Dada wa Makete kanichoma kwenye kidonda, kwa hiyo naanza na mengine. Hewa inapita chumbani kwa njia mbili. Ya kwanza, inaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Ya pili, hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inajaza chini. Njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na ina kanuni ya mkono ambayo sisi wote tumefundishwa: chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana kinapitisha hewa vizuri kama kina chake, yaani toka dirishani kwenda ndani, hakizidi mara tano ya urefu kutoka sakafu hadi dari. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu, mara mbili na nusu basi. Sasa tazama kilichotokea. Zamani wodi ilikuwa banda refu jembamba, kila kitanda kina dirisha huku na mwenzake anatazama kule. Siku hizi tunaweka korido katikati, vyumba kulia na kushoto, ili paa moja lifunike watu wengi. Kila chumba kimebaki na upande mmoja. Umekwisha kuua njia ya kwanza kabla hujanunua dirisha. Ukinunua la kusukuma, umekata nusu tena. Weka wavu, umekata nyingine.

Na si hisia tu. Lima, Peru, watafiti walipima vyumba 70 kwenye hospitali nane, wakatoa matokeo 2007. Milango na madirisha yakiwa wazi hewa ya chumba ilibadilika yote mara 28 kwa saa. Vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mitambo ilikuwa mara 12. Halafu sikiliza hii: majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifika 40, yale mapya yasiyo na mitambo yalikuwa 17. Kwa hiyo mleta mada hajaota, babu yake alikuwa na sababu ya kuomba shuka.

Shirika la Afya Duniani nalo 2009 lilitoa kiwango cha wodi ya kawaida inayotegemea upepo: lita 60 za hewa kila sekunde kwa kila mgonjwa. Chumba cha wenye maradhi ya kuambukiza kwa hewa, 160. Nenda kapime wodi ya boksi la dripu utuletee.

Mfano mzuri wa jirani ni Butaro, Rwanda, pale Musanze.

#11 Chinga wa Makumbusho

Mkuu umetupeleka Peru kwa nauli ya nani? Turudishe Mbagala kwanza.

#12 Mbeba Mizigo Kigali

Butaro haiko Musanze, iko wilaya ya Burera, ukitoka Musanze unapanda milima mpaka masikio yanaziba. Nimefika, nilimpeleka shemeji kwenye matibabu ya saratani.

Nieleze nilichokiona kwa sababu wengi wanaisikia tu. Ilifunguliwa 2011. Kuta ni jiwe la volkano, lile jeusi lenye vitundu ambalo wakulima kule wanalitupa pembeni mwa shamba. Wamelichonga mpaka limekaa kama limesukwa. Ndani ya wodi vitanda haviegemei ukuta wa nje kama tulivyozoea. Katikati ya wodi kuna ukuta mfupi, kichwa cha kitanda kinaegemea hapo, mgonjwa anatazama nje. Shemeji alikuwa analala anaona matuta ya viazi upande wa pili wa bonde. Juu kuna mapangaboi makubwa mno, yanazunguka polepole kama yamechoka, na taa za miale ya kuua vijidudu zimewekwa juu usawa ambao haukupigi machoni. Korido ndani hamna. Unatembea nje, chini ya paa, na foleni inakaa nje. Wanaokohoa hawajazani kwenye kichochoro kimoja.

Na dada wa Makete, kule ni baridi kama kwenu. Blanketi wanatoa, dirisha halifungwi lote.

#13 Mchora Mistari

Asante kwa sahihisho la Burera. Hilo la korido za nje ndilo nilikuwa nataka kufikia.

#14 Daktari Mstaafu

Habari za humu vijana. Nimesoma kimya toka la kwanza.

Suala la korido si la starehe. 2005 na 2006 huko Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, kilizuka kifua kikuu sugu kilichokataa karibu kila dawa iliyokuwepo. Wagonjwa 53 walitajwa katika taarifa ya kwanza, 52 walifariki. Wengi walikuwa na virusi vya UKIMWI, na dalili zilionyesha wengine waliambukizana humo humo hospitalini. Hao waliochora Butaro walikuwa na habari hiyo kichwani.

Sasa mnauliza tulikosea wapi. Mzee wa Kusi anasema upepo, fundi anasema pesa, sista anasema tabia. Mimi nasema dawa. Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza, alishaandika 1859 kwamba wodi iwe ndefu, vitanda kama thelathini, madirisha yatazamane. Sababu yake ilikuwa si sahihi, aliamini maradhi yanaletwa na hewa iliyooza. Hata neno malaria ni la Kiitalia, hewa mbaya. Mwaka ule ule Ocean Road inakamilika, 1897, ndipo daktari Ross huko India akakiona kimelea cha malaria kwenye tumbo la mbu. Walijenga kwa nadharia potofu, wakapata jengo zuri. Kisha zikaja dawa. Streptomaisini, dawa ya kifua kikuu, ilipatikana 1943, na kizazi changu cha madaktari kikaanza kuona dirisha ni urembo. Kuna sindano, dirisha la nini? Tuliporuhusu dari zishuke hakuna daktari aliyesimama kwenye kikao. Mimi nilikuwepo kwenye vikao viwili. Nilisinzia.

Hospitali ya Kibong'oto pale Siha, Kilimanjaro, ilipoanza 1926, haikuwa na dawa ya kifua kikuu, kwa kuwa haikuwepo duniani. Walikuwa na chakula, mapumziko, na hewa ya mlima.

Tahadhari moja. Msije mkaandamana kudai madirisha chumba cha upasuaji. Kule hewa inachujwa na kusukumwa kutoka ndani kwenda nje, ukifungua dirisha umemwalika vumbi kwenye tumbo la mtu. Na chumba cha eksirei kikiwa hakina dirisha, usimlaumu mchoraji.

#15 Mkaguzi wa Madai

Shikamoo daktari. Umekiri kusinzia kikaoni, humu hilo ni tukio la kihistoria.

Lakini swali. Kama dawa ndizo zilizoua madirisha, mbona shule na ofisi nazo zina madirisha yale yale ya kusukuma? Huko hakuna streptomaisini.

#16 Fundi wa Lenta

Ndiyo nilichosema. Pesa.

#17 Muuza Vioo

Si pesa fundi, ni fasheni. Nina duka la vioo na alminiamu mwaka wa kumi na moja. Luva inafunguka karibu yote, mvua ikinyesha unailaza inapitisha upepo bila kulowesha. Lakini mteja akiingia dukani nikimwonyesha luva ananiambia "hizo si za shule ya msingi?" Anataka ya kusukuma, kioo cha rangi ya bluu, kijengo kionekane kama benki. Na luva zina aibu yake: kipande kimoja kikivunjika hakuna anayerudishia, wanaziba kwa boksi. Mwizi naye anazichomoa kimya kimya kama anachuma majani ya chai.

Kuna za alminiamu zinazofunguka kama mlango, zote nje. Bei iko juu kidogo. Wanaozichukua ni wenye nyumba za wageni.

#18 Chinga wa Makumbusho

Mimi chumba changu Sinza kina dirisha zuri kabisa, linafunguka lote. Linatazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono. Nikifungua tunapeana chumvi. Je, hiyo nayo ni tiba?

#19 Mchora Mistari

Umechekesha lakini umegusa utafiti mmoja. Roger Ulrich, 1984, hospitali ya Pennsylvania. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Nusu walikuwa na dirisha linalotazama miti, nusu linatazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko wa ukuta. Kwa hiyo mwambie jirani yako apande mti ukutani.

#20 Mkaguzi wa Madai

Wagonjwa wangapi mkuu?

#21 Mchora Mistari

46.

#22 Mkaguzi wa Madai

Na tofauti ya siku za kulazwa?

#23 Mchora Mistari

Kama robo tatu ya siku kwa wastani. Najua unakoelekea.

#24 Mkaguzi wa Madai

Sielekei popote. Nauliza tu kabla hatujaanza kung'oa kuta za watu kwa ajili ya wagonjwa 46 wa nyongo.

#25 Muunguja

Asalaam alaykum. Nyie mwamtaja Mjerumani tu kama kwamba upepo kauleta yeye. Njooni Unguja mtazame lile jengo la Tharia Topan pale mbele ya bandari, watu waliita Zahanati ya Ithnaasheri. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, kwa ajili ya miaka hamsini ya Malkia wa Uingereza, liwe hospitali. Tharia mwenyewe alifariki halijesha. Chini mwisho wake ikawa zahanati kweli. Ingieni ndani: ua katikati uko wazi mpaka juu, baraza za mbao zimeuzunguka. Hewa ya moto yapanda uani kama moshi wa jikoni, ya baridi yavutwa kutoka njia.

Na dirisha letu la kizamani lina mapande mawili, juu na chini. Usiku wafunga la chini, mwizi hapati njia na wapita njia hawakuoni, la juu waliwacha wazi. Sista, hilo lingekumalizia ugomvi wa kitanda cha nne. Skwambii uongo, bibi yangu kalala hivyo umri wake wote.

#26 Sista Zamu ya Usiku

Hilo la mapande mawili nalipokea kwa mikono miwili. Mbu je?

#27 Muunguja

Mbu chandarua sista. Dirisha halina kazi ya kupigana na mbu.

#28 Mpepeaji

Wakuu nimerudi, nimesoma yote. Mchora Mistari alisema kapime. Nikafanya hivi: jana usiku niliwasha kijiti cha udi wodini nione moshi unaelekea wapi. Ulipanda wima, ukafika usawa wa juu ya mlango, ukakaa. Ukatandaza kama shuka. Hauendi dirishani hauendi mlangoni. Baada ya dakika kadhaa ukaanza kushuka kwa mama wa kitanda cha sita, akakohoa, akauliza nani anafukiza. Nesi akaja akanitoa nje na kijiti changu.

#29 Daktari Mstaafu

Kijana, umewasha moto kwenye wodi yenye mitungi ya oksijeni?

#30 Mpepeaji

Shikamoo daktari. Ndivyo nesi alivyosema pia, ila yeye alisema kwa sauti kubwa zaidi.

#31 Daktari Mstaafu

Marahaba. Usirudie hata siku moja. Chukua uzi wa cherehani, urefu wa mkono, ushike mbele ya dirisha na mbele ya mlango. Upepo kidogo tu utauona.

#32 Mpepeaji

Nimefanya na uzi mweupe. Dirishani unacheza kidogo, mlangoni umening'inia wima. Nikamwomba kijana wa kitanda cha jirani afungue mlango wa stoo ya mashuka mwisho wa wodi, ambayo ina kidirisha chake cha juu. Uzi wa mlangoni ukalala kama bendera! Yaani upepo ulikuwa unatafuta pa kutokea tu. Stoo ikafungwa tena baada ya nusu saa, funguo anayo mtu mmoja.

#33 Mchora Mistari

Ndiyo hiyo. Pande mbili. Mmeona kwa macho kitu tulichokisoma miaka mitano.

#34 Binti Makete

Stoo tena. Kwenu imekaa na upepo, kwetu imekaa na jua. Kwani stoo ndiyo inayoumwa?

#35 Mhasibu Mpole

Naongeza la upande wangu. Fedha ya kujenga inakuja mara moja, ina uzinduzi na picha. Fedha ya kutunza inakuja kwa matone. Kiyoyozi kinanunuliwa na fedha ya kwanza, kinalipiwa umeme na fedha ya pili. Kituo nilichowahi kufanya kazi, ifikapo tarehe ishirini tunaangalia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tunachagua: friji la chanjo au viyoyozi. Chanjo inashinda kila mwezi, kama inavyopaswa. Sasa jengo limechorwa kwa kutegemea kiyoyozi, kiyoyozi kimezimwa, limebaki nini? Sanduku la fundi wa lenta. Hakuna aliyekosea kwenye karatasi.

#36 Mswahili wa Kampala

Wakuu msisahau Entebbe, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa 2021, mchoraji ni Renzo Piano wa Italia. Kuta ni udongo uliochimbwa pale pale ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, mnene, joto la mchana halipenyi haraka. Juu paa la paneli za sola limenyanyuliwa mbali na jengo, linatoa kivuli na umeme.

#37 Fundi wa Lenta

Renzo Piano anachaji shilingi ngapi kwa siku? Maana mimi naelewana.

#38 Mama Kijacho Mombasa

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mimi niko Mombasa, mtoto wangu alizaliwa akawa na macho ya manjano, mama mkwe akasema nimweke dirishani apigwe na jua. Hilo dirisha linasaidia ama ni hadithi?

#39 Daktari Mstaafu

Si hadithi, lakini usiifanye nyumbani. Mwanga unavunja ile rangi ya manjano mwilini. Hili liligunduliwa na sista mmoja Uingereza, hospitali ya Rochford, 1956. Alikuwa anawatoa vichanga uani, akaona ngozi iliyopigwa na jua imepauka na iliyofunikwa na shuka imebaki ya manjano. Kutokana na jicho lake ndiyo tukapata taa za hospitali. Lakini jua kali linamchoma kichanga na kumpandisha joto, na manjano ikizidi inaharibu ubongo. Apimwe damu. Mtoto wa macho ya manjano anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo, mama mkwe aje naye kumsindikiza.

Na kwa kuwa tumefika hapo: wanaosema "wodi ina jua, basi ina vitamini D", hapana. Miale inayotengeneza vitamini hiyo haipiti kwenye kioo.

#40 Mama Kijacho Mombasa

Asante sana daktari. Alishapona, ni wa darasa la pili sasa. Nilitaka tu kujua nani alishinda kati yangu na mama mkwe.

#41 Mzee wa Kusi

Sare.

#42 Kaa la Moto

Mpaka hapa kura zangu: pesa 1, upepo 1, tabia 1, dawa 1, fasheni 1, LUKU 1, funguo za stoo 1. Moderata funga uzi kabla hajaja mtu wa mizimu.

#43 Sista Zamu ya Usiku

Usifunge. Nataka Mchora Mistari anijibu moja. Kwenye hizo hospitali mbili ulizochora, uliwahi kumuuliza nesi yeyote kabla ya kuchora?

#44 Mchora Mistari

Kwenye ya pili, ndiyo. Alisema sinki liwe karibu na mlango na kabati la dawa lisipigwe na jua. Nikafanya.

Kwenye ya kwanza hapana. Ndiyo ile naangalia pembeni.

#45 Muuza Vioo

Kwa wanaouliza bei faraghani: luva za kisasa zenye fremu ya alminiamu ninazo, njooni na vipimo. Nawaongezea nyavu.

#46 Mpepeaji

Wakuu nawashukuru wote. Mama karuhusiwa juzi, yuko nyumbani kwangu, anaendelea vizuri. Nimempa chumba chenye madirisha mawili, la mashariki na la kusini, nikayafungua yote kwa mbwembwe, nikamwambia mama hapa utapepewa na Mungu mwenyewe.

Saa nne usiku kaniita nikayafunge. Anasema upepo utampa nimonia.

#47 Sista Zamu ya Usiku

Rudini bandiko la 7.